Uzi: Rameni ya Hachioji, jinsi ya kuingia, kuagiza na kula kwenye mgahawa mdogo wa viti kumi pembezoni mwa Tokyo

Reli_ya_Magharibi

Wakuu, habari za saa hizi. Kila anayeuliza rameni (tambi za Kijapani kwenye supu ya moto) ya Tokyo huelekezwa Shinjuku au Ikebukuro akapange foleni na watalii. Uzi huu ni wa upande mwingine kabisa: Hachioji, mji ulio kilomita kama 40 magharibi mwa katikati ya Tokyo, dakika 40 na ushei kwa treni ya njia iitwayo Chuo au ya Keio kutoka Shinjuku. Kule wana rameni yao wenyewe, na migahawa yake ni midogo: viti vinane, kumi, kumi na viwili, mpishi mmoja na msaidizi wake. Taratibu za humo hazibandikwi ukutani, ila kila moja ina sababu, na ukishaijua sababu hutahitaji kukariri.

Kwanza bakuli lenyewe. Rameni ya Hachioji inatambulika kwa vitu vitatu: supu ya sosi ya soya, tabaka la mafuta juu yake, na kitunguu maji kibichi kilichokatwa vidogo vidogo mahali ambapo kwingine wangeweka majani ya kitunguu. Ilianza mwaka 1959 kwenye mgahawa mmoja wa mjini humo. Kitunguu kibichi peke yake kinawasha na kukaa mdomoni mchana kutwa, lakini kikikutana na mafuta ya moto ukali wake unayeyukia kwenye mafuta, utamu unabaki, na bado kinalia mdomoni ukikitafuna. Ndiyo maana mafuta si pambo. Ukiomba bakuli bila mafuta, kitunguu kitakuonyesha kazi.

Juu utakuta pia kipande au vipande viwili vya chashu (nguruwe aliyepikwa taratibu kwenye sosi ya soya), menma, yaani machipukizi ya mianzi yaliyochachushwa, na karatasi ya mwani. Bei kwa bakuli la kawaida mara nyingi ni kati ya yeni 600 na 900. Wapishi wa Japani wana msemo wa "ukuta wa yeni 1,000", kwa maana mteja huanza kulalamika bei ikivuka hapo, na migahawa ya pembezoni inajitahidi kubaki chini ya ukuta huo.

Kabla ya kushika mlango angalia kitambaa kinachoning'inia juu ya mlango, noren. Kikiwa nje, wako kazini. Kikiwa kimeingizwa ndani, hawajaanza au wamemaliza, hata kama taa zinawaka na unamwona mpishi anakoroga sufuria. Kibao cha 営業中 maana yake wamefungua, 準備中 wanaandaa. Wengi hufungua saa tano asubuhi, hufunga saa nane au tisa alasiri, kisha hurudi jioni. Kuna siku ya mapumziko kila wiki, na supu ikiisha hufunga saa yoyote. Supu haiongezwi maji ili isogeze mchana.

Nanga_Bandarini

Naweka kiti hapa mkuu. Swali langu ni ile mashine ya pale mlangoni, ya kununulia tiketi ya chakula kabla ya kukaa. Ni Kijapani kitupu, vitufe arobaini, na nyuma kuna watu wanasubiri. Asiyesoma anafanyaje?

Reli_ya_Magharibi

Pesa kwanza, kitufe baadaye. Mashine hizi hazikuwashii vitufe mpaka uingize noti au sarafu. Wengi hukwama hapo, wanabonyeza kitu kilichozimika na kudhani mashine mbovu.

Kitufe cha juu kabisa upande wa kushoto mara nyingi ndicho chakula kikuu cha mgahawa. Ukiwa huna hakika, bonyeza hicho. Alama chache za kuzijua kwa macho: ラーメン ni rameni, チャーシュー麺 ni yenye nyama nyingi, 大盛 ni tambi zaidi, 味玉 ni yai lililolowekwa kwenye sosi, 玉ねぎ ni kitunguu maji. Hii ya mwisho ukiiona kwenye kitufe kidogo chini, ni kitunguu cha nyongeza, na kwa Hachioji naishauri kwa moyo wote. Ukimaliza, bonyeza kitufe au vuta mkono wa chenji. Nyingine hazirudishi chenji zenyewe kwa sababu zinasubiri ununue tiketi ya pili.

Tiketi iweke juu ya kaunta mbele yako au mpe msaidizi. Akikuuliza kitu, yumkini ni ugumu wa tambi au wingi wa mafuta. Jibu "futsū de", kawaida, na umemaliza. Ukitaka ngumu kidogo, "katame". Mafuta pungufu, "abura sukuname".

Mhasibu_wa_Nagoya

Naongezea jambo la noti. Japani ilitoa noti mpya tarehe 3 Julai 2024. Mashine za zamani hazizitambui bila kubadilishwa kifaa cha ndani au mashine nzima, na kwa mgahawa wa viti kumi hiyo ni gharama nzito, hivyo baadhi bado hawajabadilisha. Ile ya yeni 1,000 ya zamani ina sura ya Noguchi Hideyo, mpya ina Kitasato Shibasaburo. Hata sarafu mpya ya yeni 500 ya mwaka 2021, yenye rangi mbili, inatemwa na mashine nyingine. Na nyingi hazipokei kabisa noti ya 5,000 wala 10,000.

Kwa hiyo beba noti za 1,000 na sarafu za 100. Noti ikitemwa mara mbili usiilazimishe mara ya tatu. Mwonyeshe msaidizi na useme "ryōgae", atakubadilishia.

Upawa_na_Chujio

Mimi niongelee upande wa ndani wa kaunta, maana ndiko taratibu zote zinakotoka.

Mgahawa wa rameni unaendeshwa na saa ya tambi. Tambi nyembamba za Hachioji huiva kwa dakika moja na nusu hivi. Wakati zinachemka, mpishi anamimina maji ya moto kwenye bakuli ili lipate joto, anayamwaga, anaweka tare (ule mchanganyiko wa sosi ya soya wenye chumvi na ladha yote) kama mililita 30, kisha mafuta, kisha supu kama mililita 300. Angalia mkono wake tambi zinapotoka: chujio linapigwa chini kwa nguvu mara mbili au tatu, tap, tap, tap. Watu hudhani ni mbwembwe. Yale maji yanayobaki kwenye tambi yanaweza kufika vijiko kadhaa, na yakiingia bakulini supu inapooza na kuzimuka. Ukipewa bakuli lililochujwa vibaya utaonja chumvi imepungua chini ya tambi, si juu.

Kuanzia hapo tambi zinaendelea kunywa supu. Dakika tatu za kwanza ziko kwenye kilele, ikifika ya nane zimevimba na supu imepungua. Tambi zina kansui, maji ya magadi yanayozipa rangi ya manjano na mvuto, lakini mvuto huo haudumu kwenye supu ya moto. Ndiyo sababu hasa ya mambo haya:

Bakuli likitua, kula. Picha moja sawa, video ya dakika mbili hapana. Wenzako ambao hawajapata yao usiwasubiri, hakuna atakayekuona huna adabu. Mazungumzo marefu yahamie kahawani.

Kufyonza tambi kwa sauti kunaingiza hewa, kunapoza tambi na kupeleka harufu ya mafuta puani. Ukishindwa kufyonza si kosa. Kosa ni kuzikata kwa meno na kuzirudisha bakulini, kwa sababu vipande vifupi vinazama na vinavimba haraka.

Na tahadhari ya Hachioji peke yake: mafuta yanaziba mvuke. Bakuli linaonekana limetulia, halifuki moshi, kumbe supu chini ina joto kali. Mdomo wa kwanza chukua nusu kijiko, sukuma mafuta pembeni kwa ukingo wa kijiko cha kauri, uonje.

Nanga_Bandarini

Shukrani mkuu, hapo kwenye mvuke umenifungua macho. Vipi kile kitunguu, unakikoroga chote mwanzoni au unakiacha juu?

Upawa_na_Chujio

Usikoroge. Kitunguu kikikaa juu kwenye mafuta kinabadilika hatua kwa hatua: mwanzo cheupe na kigumu, baada ya dakika mbili tatu kingo zinaanza kuwa kama kioo, mwisho kimelainika na ni kitamu. Ukivuta tambi kutoka chini pita nazo katikati ya kitunguu, vipande vitanata vyenyewe kwa sababu ya mafuta. Vilivyozama vivue mwishoni kwa kijiko. Ukikoroga mwanzoni vyote vinazama, vinaiva pamoja, na unapoteza ile hali ya kila mdomo kuwa tofauti na uliopita.

Kijana_wa_Kasulu

Wakuu nimesikia kuna kuongezewa tambi, kaedama, unabakiza supu unaletewa tambi nyingine. Hachioji inafanyika?

Reli_ya_Magharibi

Kaedama ni utamaduni wa Hakata, kule Fukuoka, kwenye supu nyeupe ya mifupa ya nguruwe na tambi nyembamba sana zinazoiva kwa sekunde. Huko hata ugumu una majina yake: kata, barikata, harigane. Hachioji kwa kawaida hakuna. Njaa yako ipime mwanzoni, ununue 大盛, au uongeze wali mdogo, ライス, uloweke kwenye supu yenye kitunguu. Usiseme harigane mahali ambapo tambi si za Hakata. Zitakuja na unga mbichi katikati.

Na msichanganye na matawi ya Ramen Jiro, ambayo pia yapo Hachioji. Jiro ilianzia Meguro, Tokyo, mwaka 1968 kabla ya kuhamia Mita, ni mambo mengine: bakuli dogo lao linakaribia gramu 300 za tambi mbichi, mara mbili ya bakuli la kawaida. Pale kabla ya kukabidhiwa utaulizwa "ninniku iremasu ka?", tuweke vitunguu saumu? Hapo ndipo unataja mboga, saumu, mafuta na ukali wa tare kwa mpigo. Usiyejua sema "sono mama", hivyo hivyo.

Bint_Vikokotoni

Asalaam aleykum. Kwa sisi Waislamu, je, inatosha kuomba watoe ile nyama?

Mhasibu_wa_Nagoya

Waaleykum salaam dada. Haitoshi, na ni vizuri lisemwe wazi. Kwenye bakuli la Hachioji nguruwe yuko sehemu tatu: vipande vya juu, mifupa iliyochemshwa kwenye supu, na yale mafuta yenyewe, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa bakuli. Hata zile tare zisizo na nyama mara nyingi hutiwa mirin au sake, vileo vya mchele. Mpishi ana sufuria moja na chujio zile zile, hawezi kukutengenezea lingine, na si kwamba hataki.

Angalieni pia neno tori paitan, rameni ya kuku. Supu ni ya kuku lakini mara kwa mara juu yake huwekwa chashu ya nguruwe. Herufi ya kuitambua nguruwe ni 豚, japo neno chashu mara nyingi huandikwa bila herufi hiyo. Kuna migahawa ya rameni iliyojitangaza halali kabisa, hasa upande wa Asakusa na Shinjuku, yenye jiko lake tofauti. Huko ndiko kwa kwenda.

Mama_Wawili

Na watoto? Kaunta zile ni ndefu kwenda juu.

Reli_ya_Magharibi

Hapo dada migahawa ya pembezoni inaishinda ya katikati ya jiji. Ile iliyo kando ya barabara kuu, mfano barabara ya taifa namba 16 au namba 20 zinazopita Hachioji, mingi ina maegesho, meza, na pengine jukwaa la mikeka ambapo unavua viatu. Omba bakuli dogo, "torizara". Ya karibu na stesheni yenye kaunta tupu usiende na kigari cha mtoto saa sita mchana, hakipiti. Saa saba na nusu kuna nafasi. Kundi la watu wanne kwenye kaunta litagawanywa, na foleni mnaingia mkiwa mmetimia wote, hakuna kushikiana nafasi.

Mkimaliza: bakuli lipandisheni kwenye ubao wa juu wa kaunta kama upo, futeni mahali penu kwa kitambaa kilichowekwa, semeni "gochisōsama deshita" na mtoke. Bahashishi haitolewi.

Jiko_la_Tandika

Wajuzi, kwa tulio Dar ambao hatuendi Japani mwaka huu wala ujao, hii ya kitunguu inawezekana nyumbani? Bila nguruwe.

Upawa_na_Chujio

Inawezekana, na ni mojawapo ya zinazohama vizuri, kwa sababu vitunguu, kuku na dagaa tunavyo. Mafuta tumieni ya kuku. Vipimo hivi ni vya mabakuli manne.

Supu: kilo moja ya migongo na miguu ya kuku, maji lita 2.5. Ikianza kuchemka ondoa povu lote dakika 20 za mwanzo, kisha punguza moto mpaka vipovu vipande kimoja kimoja, saa tatu hadi nne. Ukiiacha itokote kwa nguvu, mafuta yanajisaga ndani ya maji na supu inakuwa nyeupe. Ni tamu, lakini si ya Hachioji. Nusu saa ya mwisho tia dagaa gramu 30, waliotolewa vichwa na matumbo, la sivyo supu inakuwa chungu. Chuja. Ibaki kama lita 1.3.

Dagaa wa Unguja ndio wanaokaribia zaidi niboshi wa Kijapani, kwa sababu nao huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Wa Mwanza ni samaki wa maji baridi, na wakianikwa mchangani wanabeba mchanga. Ukiwatumia waoshe mara tatu.

Mafuta: ngozi za kuku gramu 300 na maji nusu kikombe, moto mdogo mpaka maji yaishe na mafuta yatoke. Unahitaji mililita 20 kwa bakuli, yawe moto kweli wakati wa kumimina. Yakiwa ya vuguvugu kitunguu hakivunjiki ukali.

Tare: sosi ya soya iliyochachushwa kiasili mililita 150, sukari kijiko kidogo kimoja, kipande cha tangawizi, pasha mpaka karibu ichemke uepue. Usitumie ile nyeusi nzito ya kutia rangi. Mililita 30 kwa bakuli, lakini kwa dagaa wa Unguja anza na 25 uonje, maana wamekuja na chumvi yao.

Tambi: unga wa ngano wenye nguvu gramu 400, maji 150, chumvi 4, magadi 4. Kwenye magadi tulieni kidogo. Kitu kinachotakiwa ni kaboneti ya sodiamu, na kweli magadi ya maziwa yetu inayo, lakini hubeba floridi nyingi inayoharibu meno ya watoto. Afadhali chukua soda ya kuokea gramu 60, itandaze kwenye sinia la chuma cha pua, si la alumini, oka nyuzi 130 hadi 150 kwa saa moja. Itapungua uzito kama theluthi. Hapo imegeuka kaboneti. Usiishike kwa mkono mtupu, inababua.

Iyeyushe kwenye maji yote kwanza, halafu chumvi, halafu unga. Donge litakuwa chengachenga kama makombo ya mkate na utadhani maji hayatoshi. Usiongeze. Lifunge kwenye mfuko, lipumzike nusu saa, likanyage kwa kisigino juu ya mfuko mpaka lishikane, likunje, rudia. Sukuma, kata upana wa milimita moja na nusu, lalisha kwenye friji usiku mmoja. Chemsha kwenye maji mengi yasiyo na chumvi, dakika moja na nusu hadi mbili.

Kitunguu: robo kwa bakuli, vipande vya milimita tano. Chenye maganda meupe au ya manjano ni kizuri zaidi. Hivi vyekundu vyetu ni vikali, viloweke maji baridi dakika kumi, kisha vikamue kwenye kitambaa mpaka vikauke. Maji ya kitunguu yakiingia bakulini ni kosa lile lile la chujio.

Bint_Vikokotoni

Mashallah. Na mwani wetu wa Paje hauwezi kutumika kutia ladha, kama wao wanavyotumia kombu?

Upawa_na_Chujio

Hapana dada. Ule unaolimwa Paje na Jambiani ni wa kutoa karajina, kitu cha kugandisha. Ukiuchemsha supu itakuwa nzito kama uji na ladha haitaongezeka. Kombu inasifika kwa glutameti, ile ladha aliyoitambua mkemia wa Kijapani Ikeda Kikunae mwaka 1908. Mbadala wa karibu ni uyoga mkavu, gramu 10, uloweke kwenye maji ya baridi ya supu tangu usiku.

Kijana_wa_Kasulu

Supu lazima imalizwe yote? Naogopa kumvunjia mpishi heshima.

Mhasibu_wa_Nagoya

Si lazima hata kidogo. Ile tare mililita 30 ina kama gramu 5 za chumvi. Wizara ya afya ya Japani inamwekea mwanamume mtu mzima lengo la chini ya gramu 7.5 kwa siku nzima na mwanamke 6.5. Wenyeji wengi hubakiza supu. Maliza kitunguu kilichobaki chini, hicho ndicho ambacho mpishi hutazama bakuli likirudi.

Jiko_la_Tandika

Nimeandika vipimo vyote. Ngozi za kuku napata bure pale kwa wachinjaji wa sokoni, ila zinakuja na manyoya mafupi.

Upawa_na_Chujio

Ziunguze juu ya moto kwanza halafu uzikwangue kwa kisu, uzioshe, uzikaushe. Manyoya yakibaki kwenye mafuta yanatoa harufu ya kuungua, na kwa kuwa mafuta ndiyo ya kwanza kufika puani, bakuli zima litanukia hivyo.